Usimlize Dorina

Okoth mwanangu,

Umeenda Rangwe kumuaga nyanya yako, na najua hutarudi kabla ya giza kwa sababu yule mama hamwachilii mtu bila kumlisha mara mbili. Mimi nimefunga studio mapema. Nimekaa hapa kaunta, kelele za barabara ya Migori ziko nje, na nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikungoja nikuambie kwa mdomo nitapiga kelele, nawe utatoka nje ukisema mama ameanza.

Sitakuandikia habari za sweta, wala mahali pa kuficha simu ukishuka Nairobi, wala ni mjomba yupi umsalimie kwanza. Mambo hayo ukiyakosea leo utayarekebisha kesho. Nina hasira nawe. Nimelitanguliza hilo ili usije ukapitisha macho kwenye kurasa hizi ukitafuta maneno matamu.

Jana ulipoongea na yule bwana wa kampuni, uliweka simu kwenye spika. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimpiga mteja picha za pasipoti. Kampuni yake imekubali kulipia umaliziaji wa filamu yako, uhariri, sauti na rangi, kisha iitafutie wanunuzi. Ndiyo maana unasafiri kesho. Nilipopata habari hiyo nilifurahi, nikanunua nyama, nikawaambia majirani. Lakini jana nikamsikia akisema, "Filamu ni poa sana, lakini huyo mama anacheka sana. Watu wa nje hawataelewa. Si ulisema mzee wake alizama? Tunarudi huko na wewe, tunamkalisha hapo kwa maji, unamuuliza pole pole mpaka alie. Hapo tuko na filamu."

Nawe ukacheka. Ukasema, "Hakuna shida, bro. Huyo ni kama mamangu. Nikimwambia alie, atalia."

Mteja wangu alikuwa ametulia akitazama lenzi, kidevu juu, kama nilivyomwelekeza. Nilishindwa kubonyeza. Ilibidi nimwambie taa ina hitilafu.

Sasa nisikilize. Umepiga picha za Dorina msimu mzima kule Muhuru Bay. Umekula ugali wake. Umelala kwenye nyumba ya wanawe wakati mvua ilipokata barabara. Yeye anaanika omena, dagaa wa ziwa letu, juu ya neti ufuoni, na wewe ulimfuata akianika omena, basi, hiyo ndiyo filamu. Hakuna mtu anayekufa ndani yake. Kuna mwanamke mnene mwenye sauti kubwa anayegombana na mawingu, na wanunuzi, na bata wanaokuja kuiba. Kuna ile siku mfanyabiashara wa kutoka upande wa Tanzania alipomwambia omena yake ina mchanga, naye akachota kiganja kizima, akatia mdomoni, akatafuna mbele yake bila kupepesa macho. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi kwenye kompyuta yako na kila mara nacheka mpaka nashika meza.

Na kuna pale alipokuchoka. "Wewe kijana, toa hiyo kitu kwa macho yangu! Kama hauna kazi, shika neti upande ule, mvua inakuja!" Ukaiweka kamera chini mbio bila kuizima, ukaenda kushika. Kwa hiyo tunaona miguu yenu tu, yako na yake, na kona ya neti inayoburutwa, na omena zikirukaruka juu ya mchanga, na matone ya kwanza yakianguka. Tunamsikia akikutukana kwa Kijaluo na wewe ukicheka. Ulitaka kuifuta. Ulisema fremu imepinda. Ni mimi niliyekushika mkono, na nitajisifu kwa hilo mpaka nizikwe, kwa sababu hiyo ndiyo picha bora kuliko zote ulizowahi kupiga. Hukuipanga. Uliweka kamera chini kwa kuwa mtu alihitaji msaada, na kamera ikaona kitu ambacho wewe ungekizunguka siku nzima usikipate.

Halafu mtu ambaye hajui omena inavyonuka anakuambia hiyo si filamu, na wewe unakubali kabla hajamaliza sentensi.

Ile hadithi yangu ya Ndhiwa huwa unawasimulia wenzako mkacheka. Najua, nimewasikia. Leo nitaisimulia mimi, na usicheke.

Nilikuwa mgeni katika kazi na mgeni katika ndoa. Marehemu baba yako Mjaluo wa Rangwe, mimi Mkuria wa Isebania, tumekutana katikati kwa Kiswahili hiki chetu, ndiyo maana hata wewe nakuandikia kwacho. Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kununulia samaki tu. Nilikodiwa kupiga video ya mazishi. Wewe unajua kazi hii ilivyo: maiti inapofika langoni mwa boma, wanawake huipokea kwa kilio. Gari likikata kona sauti moja huanza, nyingine inaidaka, na mjane anatoka ndani. Jamaa walio ng'ambo wakifungua video, hapo ndipo wanapotafuta kwanza. Ukikosa pale, hata ungepiga hotuba zote na nyimbo zote, utaambiwa hukufanya kazi.

Betri yangu ilikata gari likiwa kwenye kona.

Nilipomaliza kuweka nyingine, jeneza lilikuwa chini ya hema na mjane ameshaketi kwenye mkeka, ametulia kabisa. Ndugu wa marehemu aliyenikodi alinitazama, nikajua ameelewa. Basi nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule mama, nikamwambia, "Mama, tafadhali, twende langoni ulie tena kidogo. Ile ya kwanza haikuingia."

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Nilie tena? Kwani kuna mwingine amekufa?"

Hapo ndipo wewe na wenzako mnapoangua kicheko. Mzee mmoja naye alisema, "Mwacheni, huyo ni nyar Kuria, binti wa Wakuria, hajui mambo yetu," nao wakanisamehe. Kwani sisi Wakuria ndio tunaolia mara mbili? Lakini kuna sehemu ambayo huisimulii, kwa sababu sikuwahi kukwambia yote. Yule ndugu hakukubali yaishe. Aliwaamuru wanawake warudi langoni. Wengine walikataa, wengine wakaenda, maana yeye ndiye aliyegharamia chakula. Wakalia. Nami nikapiga. Video ikasifiwa na watu wa ng'ambo. Ukiitazama leo utaona wanawake wameshika vichwa, midomo wazi, na mmoja wao anachungulia kamera kwa jicho moja kuona kama nimemaliza.

Kamera haidanganyiki jinsi watu wanavyofikiri. Yule mwanamke anachungulia mpaka leo.

Na ndani ya kanda hiyohiyo kulikuwa na kitu kingine. Jioni, nikiwa nimechoka, niliacha kamera ikiendelea huku nikinywa chai. Mjane alikuwa nyuma ya nyumba akiwafokea wapishi kwamba wali umeungua na wageni watalitukana boma. Alifoka kweli, akafunua sufuria, akaonja mchuzi, akafoka tena. Na muda wote huo mkono mmoja ulikuwa umeshika koti la mumewe, amelikunja kwapani, hataki kuliweka chini hata anapoinama jikoni. Hakuna chozi hata moja. Nilipoonyesha sehemu hiyo, ndugu wa marehemu alisema niikate, haina heshima. Nikaikata. Hiyo ndiyo iliyokuwa filamu, Okoth, na niliikata nikabakiza wanawake waliolia kwa amri.

Sehemu hiyo niliyoikata sinayo tena. Ningekuonyesha, nisingehitaji kuandika barua ndefu hivi.

Kwa hiyo ukienda huko, wakikufundisha kwamba machozi ndiyo hisia, wasikilize kwa adabu, halafu rudi kwenye kile ulichokiona kwa macho yako. Mtu aliyefiwa si lazima alie. Anaweza kugombana kuhusu wali. Anaweza kutafuna omena yenye mchanga ili tu asishindwe na mnunuzi. Kazi yako ni kungoja na kuendelea kutazama baada ya wengine wote kuzima. Kungoja kunachosha, na hakuna atakayekulipa kwa kungoja, lakini huo ndio ufundi wenyewe. Wengi wanaojiita madairekta hawana.

Yule bwana alisema pia wataweka sauti ya msimulizi, mwanamume, kwa Kiingereza, aeleze maisha ya wavuvi wa ziwa. Hilo nalo lilinichoma. Nilipokuwa msichana Isebania kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya maegesho ya malori. Mwenye kibanda alikaa kando ya televisheni na maiki, akitafsiri kila filamu papo hapo. Watu walimpenda, na alikuwa anachekesha, siwezi kukataa. Lakini mwanamke yeyote akifungua mdomo kwenye filamu, ilitoka sauti ya yule mwanamume, nzito, ikisema alichotaka yeye. Nilikua nikiamini kwamba wanawake wa kwenye filamu hawana sauti zao. Dorina ana sauti. Inasikika mpaka visiwani. Iache na Kijaluo chake, uandike tafsiri chini ya picha, na kama tafsiri haitoshi kwa matusi yake, watu wa nje watajua tu kuwa wametukanwa.

Wakitaka kuweka muziki juu ya upepo wa ziwa, kataa. Ulipoanza, upepo ulikuwa unaharibu sauti yako yote, ukaja ukilia kwamba huna maiki ya maana. Nikakupa soksi yangu ya sufu uivalishe ile uliyokuwa nayo. Ilifanya kazi. Ile sauti ya nyavu zikikwaruza mchanga uliipata kwa soksi, si kwa pesa ya mtu. Kumbuka hilo kila utakapoambiwa kwamba bila vifaa fulani huwezi. Kundi la vijana wenye mawazo mazuri wanaongoja kamera nzuri ni kubwa mno, na wengi wao sasa wana vitambi. Wewe ulianza na kamera yangu ya matanga yenye lenzi iliyokwaruzwa, ukatengeneza kitu. Endelea hivyohivyo. Kila mahali unaposhuka, kabla hujauliza mtu swali, kaa kimya urekodi mahali penyewe: jenereta, kuku, mtu anayekohoa nyumba ya pili. Utavihitaji ukianza kuhariri, na wakati huo utakuwa mbali na havirudi.

Usimpige mtu picha hujala kwake, au angalau hujakaa kwake bila kamera. Ukifika ufuo wowote, omba ruhusa kwa viongozi wa ufuo, halafu umwombe mwenyewe, na mwenyewe akikataa hata kama viongozi wamekubali, funga begi. Hii unaijua. Nilikufundisha kabla hujajua kuendesha baiskeli. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Kama ungekuwa mjinga, ningekuhurumia.

Kuna jambo la mkataba. Sijasoma sheria, lakini nimepiga harusi za kutosha kujua kwamba anayelipa hujiona ndiye mwenye bibi harusi. Uliza swali moja tu kabla hujaweka sahihi: nani ana neno la mwisho juu ya kinachokatwa na kinachobaki? Wakikuambia tutakubaliana, tutaongea, sisi ni familia, ujue si wewe. Uliza tena, ukae na mtu anayeelewa, na usione haya kuuliza mpaka waudhike. Na wakisema hawana cha kukulipa ila utajulikana, waambie mama yako anajulikana wilaya mbili nzima na bado analipa kodi ya duka.

Tena, popote filamu itakapokwenda, waonyeshe kwanza waliomo. Si mwisho, kwanza. Funga shuka ukutani kule Muhuru, kodi jenereta, waite watu. Ukiona aibu kumwonyesha Dorina sehemu fulani huku yeye amekaa hapo na wajukuu wake, basi sehemu hiyo haina haki ya kuwapo. Sijui kipimo kingine. Vitabu vya filamu ulivyonionyesha vina vipimo vingi, na labda ni vya kweli, lakini hiki nakijua.

Wewe una kipaji kuliko mimi. Nalisema hapa ili lisomeke hata siku ambazo hatuongei. Mimi nimepiga vilio vya watu kwa miaka yote hiyo kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwapo, na sikuwahi kupata picha ya miguu na neti. Wewe umeipata ukiwa bado kijana. Nataka uende. Nataka watu wa mbali wakae kwenye giza wamtazame mwanamke wa Muhuru Bay akicheka, na wachanganyikiwe, na wakienda nyumbani waendelee kumfikiria. Ndiyo maana sitakubali umbadilishe awe mjane wa kuonewa huruma. Wajane wa kuonewa huruma kutoka ziwa hili tayari ni wengi kwenye filamu za watu.

Leo asubuhi sikuwa na kazi. Nilikwenda Muhuru.

Usikasirike, au kasirika, ni haki yako. Nilimkuta Dorina akigeuza omena. Nilishika upande wa pili wa neti, na tulipomaliza nikamwambia kila kitu, jinsi yule bwana alivyosema na jinsi ulivyojibu. Sikupunguza neno. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anabandua magamba ya omena kwenye vidole.

"Okoth alisema nitalia?"

"Alisema."

"Kwa sababu ya mzee wangu, Ouko."

"Ndiyo."

Akaelekeza kidole ziwani. "Ouko alizama kwa maji hii. Maji hii ndiyo nafua nayo nguo, ndiyo napikia, ndiyo naosha watoto. Kila siku naiangalia. Sasa hao watu wa Nairobi wanataka kunionyesha nini?"

Nikadhani ataniambia usikanyage tena kwake. Badala yake akasema, "Mwambie aje. Okoth ni mtoto wangu, siwezi kumfukuza. Akitaka nilie, nitalia, machozi ninayo mengi. Lakini yeye aanze. Si babake pia alikufa? Akae mbele ya kamera, na wewe, Mama Okoth, ndiye ushike hiyo kamera. Umuulize pole pole mpaka alie. Akimaliza, mimi naingia."

Kisha akaondoka kwenda kufukuza bata.

Nimefikiria maneno yake njia nzima ya kurudi. Okoth, mazishi ya baba yako hayana video. Sisi, watu tunaokula kwa video za matanga, hatuna hata dakika moja. Wenzangu wote wa kazi walijitolea kupiga bure. Ni wewe uliyesema, "Mama, wasituangalie." Ulisema mara moja tu, ukaingia chumbani. Niligombana na ukoo mzima kwa sababu ya maneno hayo. Ndugu za baba yako walisema nimeleta ukaidi wa Kikuria nyumbani kwao. Niliwafukuza wapiga picha langoni mimi mwenyewe, nikiwa na nguo za msiba. Na tangu siku hiyo sijakuuliza lolote kuhusu baba yako, kwa kuwa uliomba, na kwa kuwa wewe ni mwanangu.

Dorina naye ni mtu. Hakuna aliyesimama langoni kwake.

Kwa hiyo kesho, kabla ya chai, nitatoa kiti nje upande wa mashariki ambako mwanga wa asubuhi ni laini. Kamera itakuwa kwenye stendi, na betri nimeshachaji. Nitakuuliza nani aliyekuletea habari, na ulikuwa umeshika nini mkononi, na uso wa baba yako ulikuwaje ulipofunuliwa. Sitakuharakisha. Ukiweza kukaa mpaka mwisho, nenda na yule bwana wako mpaka Muhuru mkamwombe Dorina machozi, na mimi sitasema neno tena.

Ukishindwa kukaa, chukua simu hapohapo ukiwa umesimama, umpigie yule bwana umwambie Dorina halizwi. Uweke kwenye spika. Nitakuwa nasikiliza.

Mama yako,
Boke